Friza haitoi barafu? Pima maji kabla ya kununua mashine mpya

Kila kaskazi inapokolea, na zaidi Ramadhani ikikaribia, maswali huwa ni yale yale. "Friji ni nzima, nyama inaganda, lakini barafu haitoki." "Vipande vinatoka vidogo kama kunazi." "Fundi amesema mashine ya barafu imekufa, ninunue nyingine?"

Swali hilo la mwisho nalijibu kwanza: usinunue bado. Katika nyumba za Mombasa, mashine ya barafu yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na maji, hasa nguvu ya maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi. Friji hizi zilibuniwa kwa nyumba ambazo mfereji una presha saa 24. Sisi maji ya mfereji, yawe ya chanzo cha Mzima, Baricho, Marere au Tiwi, huja kwa zamu, kwa hivyo tunaishi kwa tangi la juu ya paa. Ukilisahau hilo utabadilisha spea moja baada ya nyingine na barafu isitoke.

Mwongozo huu ni wa friji ya nyumbani yenye mashine ya barafu inayojiendesha. Ziko aina mbili. Moja imeungwa na paipu nyembamba inayoingia nyuma ya friji kutoka kwenye mfereji. Nyingine haina paipu. Ina kitangi ndani ya friji ambacho unakijaza kwa jagi. Vuta friji kidogo umulike nyuma kwa tochi, utajua yako ni ipi. Yenye paipu ndiyo inayosumbua zaidi, kwa hivyo ndiyo nitakayoishughulikia kwa urefu. Ya kitangi ina sehemu yake baadaye.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi

Valvu ndogo nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache na kumimina maji kama nusu kikombe kwenye kalibu ya barafu. Maji yakishaganda na kalibu ikawa baridi ya kutosha, mota huvisukuma vipande vikaanguka kwenye kisanduku. Mashine nyingine huipasha kalibu moto kidogo kwanza ili viachie, nyingine huipinda kalibu ya plastiki. Mkono wa waya, au jicho la mwanga, huangalia kama kisanduku kimejaa. Kikijaa, kazi inasimama.

Shika jambo moja hapo: mashine nyingi hazipimi maji, zinahesabu sekunde. Valvu ikifunguka sekunde 7, itafunga baada ya sekunde 7, maji yawe yameingia mengi au machache.

Mzunguko mmoja huchukua saa moja na nusu au zaidi, na kwa siku nzima mashine ya nyumbani hutoa kilo moja na nusu hivi. Usiitarajie ikutolee barafu ya harusi.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha friji, au namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ndani ya mlango au ukutani mwa friji
- Thamomita ya friza (ukikosa, nitakuonyesha njia nyingine)
- Jagi lenye alama za lita, beseni, na taulo kuukuu mbili
- Tochi, na spana ya kufungulia nati ya paipu
- Sirinji kubwa isiyo na sindano, ya duka la dawa
- Mswaki wa zamani na siki nyeupe
- Futi ya kupimia

Kabla ya kugusa chochote

Isipokuwa kwa hatua ya 1, ya 2 na ya 9, zinazotaka stima, chomoa friji kwenye soketi. Kuizima kwa kitufe cha mlangoni hakutoshi, kwa sababu nyuma bado kuna volti 240, na wewe unakwenda kucheza na maji hapo hapo. Funga koki ya maji inayolisha friji. Tandika taulo sakafuni.

Kisu, bisibisi na msumari visikaribie barafu iliyoganda ndani ya friza. Ukuta wa friza umepitishwa vijipaipu vya gesi, na friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a, ambayo inawaka. Soma kibandiko cha nyuma utaiona imeandikwa. Ukitoboa hapo, habari ya barafu imekwisha na umebaki na habari ya friji nzima. Kiberiti, mshumaa na jiko la mkaa navyo vikae mbali.

Hatua ya 1: Hakikisha haijazimwa

Utacheka, lakini anza hapa. Mkono wa waya ulio pembeni mwa mashine ukibaki juu, mashine inaelewa kwamba kisanduku kimejaa. Mtoto akichokora barafu kwa kijiko, au pakiti ya samaki ikiusukuma, unabaki huko huko juu. Ushushe. Kama kuna swichi au kitufe cha barafu mlangoni, angalia kama kimewashwa. Stima ikipotea na kurudi, friji nyingine husahau ulichoiagiza. Mashine yenye jicho la mwanga ina vijicho viwili vinavyotazamana. Vifute kwa kitambaa kikavu, maana vikizibwa na ukungu wa barafu vinadanganya kwamba kisanduku kimejaa.

Kisha chomoa friji, subiri dakika 10, irudishe. Mara nyingine hilo tu linatosha.

Hatua ya 2: Pima baridi ya friza

Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka thamomita katikati ya vyakula vilivyoganda, funga mlango, soma asubuhi kabla watu hawajaanza kufungua. Huna thamomita? Tumia aiskrimu. Ikiwa ngumu kiasi cha kukataa kijiko, baridi ni nzuri. Kijiko kikizama bila taabu, friza yako ni vuguvugu hata kama nyama inaonekana imeganda.

Wengi wanaposema "nyama inaganda, kwa hivyo friza ni nzima" hupotelea hapa. Nyama huganda hata kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Mashine ya barafu haimwagi vipande mpaka kalibu ifike karibu nyuzi 8 hadi 10 chini ya sifuri, na friza isiyofika huko inaiacha ikisubiri mchana kutwa.

Kama baridi haitoshi, angalia haya kabla ya kumwita fundi:

Rabari ya mlango. Bana noti ya shilingi 50 mlangoni, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukazana, rabari imelegea au ina uchafu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni kwenye mikunjo yote. Unyevu wa hewa ya pwani huingia kupitia hapo ukageuka theluji ndani.

Nafasi ya nyuma. Friji iliyobanwa ukutani jikoni mwenye joto la Februari haipumui. Iache nafasi ya kiganja nyuma, na ufagie vumbi kwenye vyuma vya nyuma au vya chini. Ukikaa karibu na bahari, chumvi hula vyuma hivyo upesi, kwa hivyo viangalie kila miezi michache.

Daraja la hali ya hewa. Kwenye kibandiko kuna herufi: N imepimwa kwa chumba chenye joto hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya mtumba iliyotoka Uingereza ikiwa na herufi N, jikoni kwako wakati wa kaskazi inafanya kazi nje ya uwezo wake. Hakuna cha kurekebisha hapo, isipokuwa kuihamishia chumba chenye upepo.

Ukigeuza kipimo cha baridi, subiri saa 24 kabla ya kupima tena. Usikizungushe kila baada ya saa mbili.

Hatua ya 3: Fuata paipu kutoka kwenye koki hadi kwenye friji

Shika paipu kwa mkono, uifuate yote. Unatafuta mahali ilipokunjika au kukandamizwa na gurudumu la friji. Paipu ya plastiki iliyokunjika mara moja hupenda kukunjika tena pale pale. Ikate hapo uweke kiungio au ubadilishe yote. Hakikisha koki imefunguliwa mpaka mwisho. Ziko koki ndogo za kuchoma, ambazo hufungwa juu ya bomba na kulitoboa kwa sindano. Hizo huziba haraka kwenye maji yenye chokaa. Ukiikuta, mwambie fundi wa mifereji aiondoe aweke koki ya kawaida.

Hatua ya 4: Pima kimo cha tangi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye majibu mengi.

Fungua kitabu cha friji utafute presha ya chini ya maji inayotakiwa. Nyingi zinataka angalau psi 20, ambayo ni takriban baa 1.4, nyingine zinataka psi 30, yaani baa 2. Sasa hesabu ulichonacho. Kila mita moja ya kimo, kutoka kwenye valvu ya friji (iko nyuma, karibu na sakafu) hadi usawa wa maji kwenye tangi, inakupa takriban baa 0.1.

Nyumba ya chini Kisauni yenye tangi juu ya mnara wa mita 4 ina baa 0.4. Haifiki hata thuluthi ya kinachotakiwa. Sasa chukua ghorofa ya Tudor yenye matangi juu ya paa: anayekaa chini kabisa anaweza kuwa na mita 15 juu yake, yaani baa 1.5, na barafu yake inatoka. Anayekaa ghorofa ya mwisho ana mita 3 tu. Friji ni modeli moja, jengo ni moja, na huyu wa juu ameshabadilisha mashine ya barafu huku jirani yake wa chini akimshangaa.

Presha ndogo huleta madhara mawili. La kwanza ni vipande vidogo au vyenye tundu katikati, kwa sababu zile sekunde za kujaza zimekwisha kabla kalibu haijajaa. La pili ni baya zaidi na halionekani: valvu hizi hutumia nguvu ya maji yenyewe kujibana zinapofunga. Maji yakiwa dhaifu, valvu haibani vizuri na hudondosha tone baada ya tone. Matone hayo yanaingia kwenye paipu ya kujazia ndani ya friza, yanaganda, paipu inaziba. Fundi anakuja, anayeyusha, barafu inatoka wiki moja, halafu inaziba tena. Hapo mashine husingiziwa na kubadilishwa, na mpya nayo inaziba.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha mfereji ukifunguliwa, ikifungwa kati ya tangi na nyumba. Tahadhari tatu hapo. Isizidishe presha ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu. Iwe na kinga ya kujizima tangi likikauka, la sivyo itaungua siku maji yakikatika. Na isivute moja kwa moja kwenye laini ya mtaa. Inafyonza uchafu na inamnyima jirani.

Kama pampu ni gharama usiyoitaka kwa ajili ya barafu tu, sikulaumu. Funga koki, uinue mkono wa waya, ununue trei za plastiki. Trei haina valvu ya kudondosha.

Hatua ya 5: Pima mtiririko kwa jagi

Hesabu ya kimo inakupa makisio tu. Jagi ndilo linalokuambia maji yanayofika kweli. Friji ikiwa imechomolewa na koki imefungwa, fungua nati ya paipu pale inapoingia kwenye valvu nyuma ya friji. Elekeza paipu kwenye jagi, fungua koki, hesabu kwa saa. Jagi la lita moja likichukua zaidi ya dakika moja kujaa, tatizo liko kabla ya friji: koki, paipu, au tangi. Usipoteze muda kuitazama mashine.

Likijaa upesi, maji yanafika. Endelea mbele.

Angalia pia rangi ya maji hayo. Maji ya mfereji yakirudi baada ya siku kadhaa huja na kutu na tope. Jenga mazoea ya kufunga koki ya friji maji yanapokatika, na kuifungua baada ya mifereji mingine kutoa maji meupe.

Hatua ya 6: Ondoa filta

Kama friji ina filta ya maji, ikumbuke ilibadilishwa lini. Watengenezaji wengi wanasema kila miezi 6; kwa maji yetu huziba mapema zaidi. Kwa friji nyingi unaweza kuitoa na kuweka kifuniko chake maalum, maji yakapita bila filta. Barafu ikirudi kuwa ya kawaida ndani ya siku moja, umeshajua mkosaji.

Filta mpya isiyoingia mpaka mwisho hufunga njia ya maji kabisa. Izungushe mpaka ikubali. Kisha toa maji lita kadhaa kwenye bomba la mlangoni ili hewa na vumbi jeusi la mkaa vitoke, na utupe barafu ya mizunguko miwili au mitatu ya mwanzo.

Hatua ya 7: Safisha kichujio cha valvu

Pale ulipofungua nati katika hatua ya 5, chungulia ndani ya mdomo wa valvu. Utaona wavu mdogo. Ukiwa umejaa mchanga au umeganda chokaa nyeupe, uchomoe taratibu ikiwa unachomoka, uloweke kwenye siki nusu saa, uusugue kwa mswaki, suuza, urudishe. Usiuache nje eti maji yapite vizuri. Chembe moja ya mchanga ikikaa pale valvu inapojibana, valvu itadondosha hadi utakapoibadilisha.

Funga nati kwa mkono kwanza, kisha robo mzunguko kwa spana. Fungua koki ukaushe, uweke karatasi kavu chini yake kwa saa moja. Karatasi ikilowa, hujafunga sawasawa.

Hatua ya 8: Yeyusha paipu ya kujazia

Hii iko ndani ya friza, nyuma au juu ya mashine, ikielekea kwenye kalibu. Imulike. Ukiona barafu imeziba mdomo wake, friji ikiwa imechomolewa, weka beseni au taulo chini, jaza sirinji maji ya vuguvugu, rushia kidogo kidogo mdomoni mwa paipu. Itachukua dakika kadhaa. Maji yasiwe ya kutokota, plastiki iliyoganda hupasuka. Mashine ya kukaushia nywele wengi huitumia, mimi siipendi: mkono mmoja umeshika stima, mwingine umelowa.

Ikishafunguka, kausha kila mahali, washa friji. Ukiiyeyusha leo ikaziba tena baada ya siku chache, rudi hatua ya 4 na ya 7. Ama presha ni ndogo, ama valvu ina uchafu au imechakaa. Kuyeyusha kila Ijumaa si matengenezo.

Hatua ya 9: Iamuru ijaribu

Mashine nyingi mpya zina kitufe cha majaribio, chini au pembeni mwake. Toa kisanduku, weka taulo mahali pake, bonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa kama kitabu kinavyosema. Mota inatakiwa izunguke, kalibu ijigeuze au vidole vya mashine vya kusukumia barafu visukume, kisha usikie valvu ikinguruma na maji yakiingia.

Mota ikizunguka na maji yasiingie, rudi kwenye maji na valvu. Mota isipozunguka kabisa wakati friza ina baridi na mashine imewashwa, sasa una haki ya kuishuku mashine. Usivizungushe vidole hivyo vya mashine kwa nguvu ya mkono. Meno ya plastiki ndani huvunjika, na ndipo utakaponunua mashine kweli.

Baada ya marekebisho yoyote, ipe saa 24 kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa friji yako ni ya kitangi cha ndani

Presha ya paa haikuhusu. Kitoe kitangi, ukioshe, angalia filta yake ndogo na utelezi uliojijenga chini. Kirudishe mpaka kikae. Kisipogusa mahali pake, pampu ndogo inavuta hewa. Kalibu za aina hii hupindwa, na zikizeeka hupata nyufa: maji yanavuja, unakuta bamba la barafu kwenye kisanduku. Kalibu yenye ufa haigundiki kwa gundi, ibadilishe.

Maji ya kisima

Wengi wetu tunachanganya maji ya mfereji na ya kisima tangini. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji ya kisima huja na chokaa, na mengi yana chumvi. Tazama ndani ya birika lako: ukoko mweupe ulio pale ndio unaojijenga kwenye valvu na kalibu. Kichujio kisafishe kwa siki kila baada ya miezi miwili mitatu. Chumvi nayo hulegeza barafu ikawa laini na ya kuyeyuka upesi, na filta ya mkaa iliyo ndani ya friji haiwezi kuitoa.

Lipo kubwa zaidi ya ladha. Kuganda hakuui vijidudu. Maji ya kisima kilicho karibu na choo cha shimo yakigeuka barafu, yanayeyuka kwenye glasi ya sharubati yakiwa na yale yale yaliyokuwa nayo, na kipindupindu na homa ya matumbo hupitia njia hiyo. Filta za friji zimeandikiwa maonyo wazi kwamba hazisafishi maji yasiyo salama. Kama tangi lako linapokea maji ya kisima yasiyotibiwa, au ya mitungi ya mkokoteni usiyojua yalikotoka, funga koki ya friji. Chemsha maji yatokote dakika nzima, yapoe, ujaze kitangi au trei.

Dalili, na pa kuangalia kwanza

*Haitoi kabisa.* Mkono wa waya, baridi, koki, paipu ya kujazia. Kwa utaratibu huo.

*Vipande vidogo au vyenye tundu.* Presha na filta. Karibu kila mara.

*Vipande vimeshikana kuwa jabali.* Stima ilipotea, vikayeyuka kidogo, vikaganda tena. Au rabari inapitisha hewa. Au barafu imekaa muda mrefu bila kutumiwa. Toa yote, osha kisanduku, kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha. Stima ikipotea kwa saa nyingi, mwaga barafu kabla haijarudi. Ukiliacha jabali, mota ya kusukumia barafu kwenye mlango italipigania mpaka ichoke.

*Bamba la barafu kisandukuni, au maji sakafuni.* Valvu haifungi. Fanya jaribio: chomoa friji, acha koki wazi, toa kisanduku, weka bakuli kavu chini ya kalibu, tazama mdomo wa paipu ya kujazia kwa tochi. Maji yakiendelea kudondoka friji ikiwa haina stima, ni valvu au presha. Funga koki mpaka itengenezwe.

*Barafu ina harufu.* Papa mkavu na kitunguu vilivyofungwa kwa gazeti vinatosha kuharibu kisanduku kizima. Barafu hunyonya harufu. Weka samaki kwenye chombo cha kufunga, mwaga barafu, osha kisanduku kwa maji ya vuguvugu na bekingi soda, badilisha filta kama muda wake umepita.

*Barafu nyeupe katikati.* Ni hewa na madini. Haina shida, isipokuwa unaona unga chini ya glasi ikiyeyuka. Hapo angalia chokaa.

*Inanguruma bila maji.* Valvu inapata stima lakini maji hayapo. Angalia tangi. Ndiyo, tangi. Panda uchungulie.

Ukifika kwa fundi

Mwambie namba ya modeli, presha uliyohesabu, muda jagi lilivyojaa, na kama mota ilizunguka ulipobonyeza majaribio. Anayejua kazi atashukuru. Asiyejua ataruka moja kwa moja kwenye bei ya mashine mpya. Mwombe apime koili ya valvu (waya uliozungushwa, unaoifungua valvu ukipata stima) kwa multimita, kile kifaa cha kupimia stima, kabla ya kuagiza chochote: multimita isiposoma kitu, koili imekatika, na valvu peke yake ni nafuu kuliko mashine nzima.

Spea ikifika, soma volti iliyoandikwa juu yake kabla haijafungwa. Valvu na mashine za modeli za Marekani ni za volti 120. Zinafanana kwa umbo na za volti 240 na tundu za skrubu zinakutana vizuri, lakini ukiiunga ya 120 kwenye friji ya 240 koili inaungua. Na kama friji yenyewe ni ya volti 120, inayoendeshwa kwa transfoma, basi spea zake nazo ziwe za 120. Mwonyeshe fundi transfoma hiyo kabla hajaenda dukani.